Kutoka Lambo la Ng'ombe hadi Bwawa la Samaki: Historia ya Maji ya Mvua Kwetu Iramba na Mkalama

Ndugu zetu wana-Iramba na wana-Mkalama, mlioko nyumbani na mlioko mbali,

Kila mwaka kijitabu hiki huwafikia kikiwa na ombi. Tumewahi kuomba kwa ajili ya madarasa, madawati na zahanati. Mwaka huu kamati imepokea pendekezo la aina nyingine: kuwasaidia wakulima wetu kuchimba mabwawa ya kuvuna maji ya mvua na kufuga samaki ndani yake, ili kaya ipate kipato kingine mbali na alizeti, vitunguu na mahindi. Wapo waliolipokea kwa furaha, na wapo wazee waliotikisa kichwa wakasema, "Mambo ya mabwawa tumeyaona." Wote wana haki. Kwa hiyo, kabla ya kutaja mchango, tumeona tuandike historia ya jambo lenyewe, kwa sababu si geni kwetu, na anayetoa fedha yake anastahili kujua waliotangulia walifika wapi na walikwama wapi.

Maji yasiyofika baharini

Tuanze na ardhi. Mvua inayonyesha kwetu haifiki Bahari ya Hindi. Maji yakiteremka kutoka uwanda wa juu wa Iramba huingia mbuga ya Wembere, yakafika Ziwa Kitangiri, kisha kwa Mto Sibiti yakaishia Ziwa Eyasi. Huko hayana pa kutokea ila kupandishwa na jua. Ndiyo maana maziwa yetu mengi, pamoja na Singidani na Kindai pale Singida mjini, yana chumvi na magadi. Eneo hili lote ni sehemu ya Bonde la Kati, na ofisi ya bodi yake ya maji iko Singida.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida ni kama milimita 600 hadi 700. Si kidogo kama tunavyojisemea. Tatizo ni kwamba hunyesha kwa vishindo, ikajaza makorongo kwa saa chache, halafu ikaondoka na udongo wetu. Kuanzia Mei hadi Oktoba mama zetu huchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta ndoo moja. Kwa lugha ya sisi tunaoshika daftari, mapato ya mwaka mzima yanaingia katika miezi mitano na hatuna benki ya kuyaweka.

Samaki nao si wageni kwetu. Ziwa Kitangiri limelisha Tulya na vijiji vya mwambao wake kwa vizazi, na samaki wakavu wa ziwa hilo wamefika magulio ya mbali. Maziwa haya ya chumvi yana hata perege wake wa asili, ambaye wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika maziwa ya Tanzania kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singidani. Jambo hili lina uzito katika pendekezo letu, na tutalirudia.

Mvua ya watemi na njaa ya Mtunya

Wazee wetu walijua kwamba utawala wa nchi kavu ni utawala wa maji. Kule Isanzu, utemi wa ukoo wa Anyampanda wenye makao Kirumi ulisimama juu ya mvua: mtemi alitazamwa kwanza kama mwenye dhamana ya mvua, na mambo mengine yakafuata. Wajerumani walipojenga boma lao Mkalama mwanzoni mwa karne iliyopita, waliweza kutoza kodi na kuamuru kazi, lakini swali la mvua lilibaki mikononi mwa wenyeji.

Ukame ulipokutana na vita, matokeo yake yalikuwa mabaya. Kusini mwa mkoa wetu, upande wa Ugogo, watu bado wanaitaja njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosa. Somo la Mtunya ni kwamba kaya yenye tegemeo moja huanguka haraka. Waliokuwa na mifugo, shamba, asali na ndugu wa kubadilishana nao walikuwa na mahali pa kushika.

Lambo la mkoloni

Waingereza nao walikuja na mipango yao. Wengi wetu tumesimuliwa na babu zetu habari za reli ya tawi iliyotoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kung'olewa katika miaka ya 1940 kwa sababu mizigo iliyotarajiwa haikutokea. Tunaitaja kwa sababu ni mfano wa mradi uliokuja kwa hesabu za watu wa mbali, na hesabu zilipokataa ukaondoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara ya maji ya serikali ya kikoloni ilichimba malambo na mabwawa ya udongo mengi katika sehemu kavu za Tanganyika. Kusudi lake kubwa lilikuwa mifugo. Lambo lilikuwa shimo pana lililochimbwa mahali maji ya mvua yanapopita, na udongo wake ukarundikwa upande mmoja kuwa tuta. Lilisaidia sana. Lakini ng'ombe waliingia moja kwa moja majini, kingo zikabomoka, tope likajaa kila masika, na hakuna aliyekuwa na wajibu ulioandikwa wa kulizoa. Baada ya miaka kumi au kumi na tano, lambo la kina cha mita tatu lilibaki sahani ya matope. Wazee wanaotikisa kichwa leo wanalikumbuka hilo.

Perege wa 1949 na kampeni ya 1967

Ufugaji wa samaki kwenye mabwawa ulianza Tanganyika mwaka 1949, kwa majaribio ya perege huko Korogwe, Tanga, na Malya, upande wa Mwanza. Malya si mbali sana na sisi, na hali yake ya hewa hatuishangai. Mabwawa mengi yalichimbwa, na mengi yakaacha kuzaa. Sababu zilizotajwa baadaye ni usimamizi dhaifu, utaalamu usiofaa, ukame na miundombinu mibovu.

Baada ya Uhuru jambo lilifufuliwa. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki. Kufikia mwaka 1968 karibu nusu ya mabwawa ya nchi, yaliyokuwa yamejengwa kwa ajili ya maji ya nyumbani, mifugo, umwagiliaji na viwanda, yalikuwa yamepandikizwa perege. Kwa kuhesabu mabwawa, kampeni ilifaulu. Kwa kuhesabu kitoweo na fedha mfukoni mwa mkulima, haikufaulu, na chanzo kilikuwa kile kile cha usimamizi.

Yapo mambo mawili ya kitaalamu ambayo kila mchangiaji anapaswa kuyafahamu. La kwanza, perege huzaana upesi. Ukiweka madume na majike pamoja bila mpango, baada ya miezi michache bwawa linajaa vidagaa wanaogombea chakula kidogo, wote wanadumaa, na hakuna anayefikia ukubwa wa kuuzwa. La pili, samaki wa bwawani anafugwa kama kuku: anataka chakula, anataka kuangaliwa. Katika kampeni ya kwanza wengi waliweka samaki majini wakasubiri, kama mtu anayevua ziwani.

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Vijiji vikapata pampu na mabomba, na malambo ya zamani yakasahauliwa. Dizeli ilipokosekana na vipuri vikaadimika, watu wengi wakarudi kwenye malambo yale yale, sasa yakiwa yamejaa tope. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikabomoa matuta mengi ya udongo nchini. Tangu mwaka 2000, TASAF imekuwa ikigharamia kazi za jamii, malambo yakiwemo. Shimo limechimbwa na kufukuliwa tena na tena katika historia yetu. Kilichokosekana mara nyingi ni mtu wa kulitunza mwaka wa tatu na wa nne.

Kilichobadilika

Kwa nini basi turudie? Kwa sababu mazingira ya leo si ya 1967, na tofauti zenyewe zinaonekana.

Kwanza, sera. Ufugaji wa samaki ulipewa nafasi katika sera ya uvuvi mwaka 1972, ukapata msukumo zaidi katika sera ya 1997 na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Vipo vituo vya serikali vya ukuzaji viumbe maji, kama Kingolwira huko Morogoro, na Mwamapuli kwa jirani zetu wa Igunga, ng'ambo ya Wembere. Vifaranga wa sato waliochaguliwa kuwa madume watupu siku hizi wanapatikana nchini, na hilo linaondoa tatizo la kudumaa.

Pili, chakula cha samaki tunacho mlangoni. Singida ni nchi ya alizeti. Kila kinu cha kukamulia mafuta kinatoa mashudu, na mashudu yakichanganywa na pumba za mahindi na dagaa kidogo wa kusaga ni chakula kizuri cha sato. Singida ni nchi ya kuku wa kienyeji pia. Samadi ya kuku ikitiwa bwawani kwa kiasi hurutubisha maji yakawa ya kijani, na ukijani huo ni chakula cha samaki. Mkulima wa Korogwe wa mwaka 1949 hakuwa na mashudu wala pumba za mashine karibu naye hivi.

Tatu, soko. Mtanzania hula takriban kilo 8 za samaki kwa mwaka, wakati wastani wa dunia umepita kilo 20. Kwetu samaki wengi ni dagaa na sato wanaokuja kwa magari kutoka Mwanza, na wanafika wakiwa na bei ya safari. Sato mbichi aliyevuliwa asubuhi Kinampanda au Iguguno hana mshindani jioni ile.

Hesabu ya bwawa moja

Sasa turuhusiwe kufanya kazi yetu ya hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hekta moja ya ardhi, yaani kama ekari mbili na nusu, ikipata mvua ya milimita 600, imepokea lita milioni 6. Sehemu kubwa huzama ardhini, lakini tukikamata sehemu moja tu kati ya kumi, tunapata lita 600,000. Bwawa la upana wa mita 15 na urefu wa mita 20, lenye kina cha mita 2.5 na kingo zenye mteremko, huchukua kama lita 500,000. Kwa hiyo mkulima wa kawaida mwenye mteremko mdogo juu ya shamba lake ana maji ya kutosha kulijaza kwa msimu mmoja.

Upande wa matumizi ndio mgumu. Kiangazi jua letu hupandisha kama milimita 6 kwa siku. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Novemba ni zaidi ya mita 1.2 zimekwenda hewani, bila kuhesabu yanayonyonywa na ardhi. Bwawa la kina cha mita moja litakauka kabla samaki hawajakomaa. Hapa ndipo miradi mingi ya nchi kavu ilipokosea: ilinakili vipimo vya mabwawa ya mikoa yenye mito isiyokauka.

Kwa hiyo kalenda yetu ni lazima iwe yetu. Vifaranga waingie bwawani mwishoni mwa Januari au Februari, maji yakiwa yamekusanyika. Sato aliyelishwa vizuri hufikia robo kilo au zaidi kwa miezi sita hadi minane. Juni na Julai, baridi ya uwanda wetu inapobana, atakula kidogo na kukua polepole, na hilo lihesabiwe mapema. Avuliwe Agosti na Septemba, maji yangali yapo. Maji yanayobaki, yaliyojaa rutuba, yaende kwenye bustani ya mboga au vitunguu. Bwawa likikauka Novemba, tope lizolewe lipelekwe shambani, na shimo liwe tayari kwa mvua.

Bwawa hilo la mita za mraba 300 likiwekwa vifaranga watatu kwa kila mita, ni vifaranga 900. Tukikadiria kwamba wawili kati ya kila kumi watakufa au kuliwa na ndege, wanabaki 720. Wakivuliwa wakiwa na robo kilo, ni kilo 180. Kila msomaji aweke bei ya gulio la kwao, atoe gharama ya vifaranga na chakula, aone mwenyewe. Hautakuwa utajiri. Inaweza kuwa ada ya mtoto wa sekondari na kitoweo cha nyumba, katika mwezi ambao alizeti imeshauzwa na vitunguu vimeshuka bei.

Udongo nao una sauti yake. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji vizuri. Kichanga hakishiki, na hapo italazimu kusiriba sakafu kwa mfinyanzi au udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, au kutandika nailoni nzito, ambayo ni gharama. Kila bwawa liwe na shimo dogo la kunasa tope kabla maji hayajaingia, mchirizi wa kutolea maji ya ziada wenye wavu, na uzio. Uzio ni kwa ajili ya ng'ombe, na zaidi kwa ajili ya watoto wetu. Ng'ombe wanyweshwe nje, kwa birika.

Walichojifunza wenzetu

Jirani zetu wa Kenya walilijaribu jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 2009, katika mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, yalichimbwa mabwawa 200 katika kila moja ya majimbo 140. Ufugaji wa samaki ulipanda kwa kasi na watu wengi wakaonja sato kwa mara ya kwanza. Ruzuku ya vifaranga na chakula ilipokoma, mabwawa mengi yakaachwa. Yaliyobaki hai ni ya wale walioyaendesha kama biashara yao.

Thailand nako, katika sehemu yake kavu ya kaskazini mashariki, miaka ya 1990 wakulima walihimizwa kugawa shamba: sehemu 30 kwa mia bwawa la maji ya mvua, 30 mpunga, 30 mazao mengine na miti, 10 makazi na mifugo. Samaki hawakusimama peke yao. Bwawa lilikuwa akiba ya maji kwanza, na samaki wakawa faida juu ya akiba hiyo. Sisi tunaona huo ndio mwelekeo unaotufaa. Mwaka ambao mvua ni hafifu na samaki hawakukua, bado mkulima ana maji ya kuokoa bustani.

Tunachoomba, na masharti yake

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Historia tuliyoieleza inathibitisha neno hilo: kuanzia malambo ya mkoloni hadi kampeni ya 1967, kuchimba hakukuwa tatizo. Kwa hiyo kamati inapendekeza fedha za mwaka huu zisiende kwenye bwawa moja kubwa la kijiji lenye kibao cha jina letu. Ziende kwenye mfuko wa kuzunguka, utakaowakopesha wakulima wachache vifaranga, nailoni pale inapohitajika, na chakula cha miezi ya kwanza. Kuchimba iwe kazi na jasho la mkulima na majirani zake. Mkopo urudi baada ya mavuno, umfuate mkulima mwingine.

Tumeweka masharti manne. Mosi, kila mkulima awe na daftari, hata la kurasa 48, la vifaranga walioingia, chakula kilichonunuliwa, samaki waliokufa na kilo zilizouzwa. Pili, hakuna bwawa litakalopata fedha kabla mtaalamu wa halmashauri hajapima udongo na mteremko, na kwa bwawa kubwa, kabla ofisi ya bonde haijaulizwa kuhusu kibali. Tatu, hakuna bwawa la sato wa kigeni litakalowekwa mahali ambapo mafuriko yanaweza kuwapeleka Kitangiri. Wakichanganyika na perege wetu wa asili tutakuwa tumeuza urithi kwa kitoweo. Nne, hesabu za mfuko zitachapishwa humu mwaka ujao, bwawa kwa bwawa, pamoja na yaliyoshindwa na sababu zake.

Tangu mwaka 2012 sisi ni wilaya mbili, Iramba na Mkalama, lakini korongo la maji ni moja na magulio ni yale yale. Mwenye fedha achange fedha. Mwenye kinu cha alizeti achange mashudu. Mwenye shahada ya uvuvi, kilimo au uhandisi wa maji achange wiki moja ya likizo yake ya Desemba. Na wazee mliotikisa kichwa, tunawaomba jambo kubwa zaidi: mtuonyeshe yalipokuwa malambo ya zamani, mtueleze maji yalitoka wapi na tuta lilibomokea upande gani. Mvua za kwanza zikianza Novemba, tungependa mashimo ya mwanzo yawe yamechimbwa mahali mlipotuonyesha.